Kwanini nikila kwenye mgahawa wa kifahari ndani ya stesheni ya kale nakula mbiombio, na treni sina?

#1 Saa Mbovu
Wakuu salaam.

Kuna jambo linanikera wiki ya pili sasa. Mimi na mke wangu tulikuwa safarini, tukaona tujipongeze kwa miaka kumi ya ndoa. Tukabuku meza kwenye mgahawa wa hadhi ya juu uliomo ndani ya stesheni ya zamani, zile za matofali mekundu na dari refu mpaka shingo inauma kulitazama. Jina sitaji, msinisumbue. Chakula ni cha kisasa, awamu saba, kila sahani inakuja na maelezo marefu kuliko chakula chenyewe.

Sasa sikilizeni. Treni hatukuwa nayo. Hoteli yetu ilikuwa mwendo wa dakika tano kwa mguu, na kesho yake hatukuwa na ratiba yoyote. Lakini ilipofika awamu ya tatu nikamtazama mke wangu, nikaona anatafuna huku mkoba uko mapajani na mkono umeshika mkanda. Na mimi mwenyewe nimekaa kwenye ncha ya kiti, koti sijavua. Mhudumu akapita akauliza, "Treni yenu ya saa ngapi?" Tukamjibu hatuna treni. Akacheka, akasema wengi wanamjibu hivyo.

Tuliingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa mbili kasoro robo tuko nje, tunatazamana. Awamu saba! Mlo kama huo mahali pengine tungeumaliza kwa saa tatu, na bado tungeagiza kahawa.

Ni sisi tu, au kuna wengine yamewakuta? Na kama yamewakuta, ni nini kinasababisha?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi. Hongera kwa ndoa mkuu, kumi si mchezo.

#3 Mzee wa Reli
Jibu ni saa. Nimefanya kazi reli miaka ishirini na sita, najua ninachosema. Stesheni kubwa zote za zamani zimejengwa kwa namna kwamba popote ugeuzapo uso unakutana na saa. Nenda Gare de Lyon pale Paris, wamejenga mnara wa mita 67 kwa ajili ya kubeba saa tu, na saa yenyewe ina nyuso pande zote nne. Chini yake ndipo ulipo mgahawa maarufu wa Le Train Bleu, uliofunguliwa mwaka 1900 kwa ajili ya maonyesho ya dunia. Jicho likiona saa, tumbo linapokea amri. Wewe unadhani unakula, kumbe unahesabu.

#4 Kijiko cha Fedha
Mzee wangu #3, heshima yako, ila hapo umechanganya. Stesheni ndiyo iliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1900. Mgahawa ulizinduliwa 1901 na Rais Émile Loubet, na haukuitwa Le Train Bleu. Ulikuwa ni bafe ya stesheni, basi. Jina la sasa walilipa 1963, kutokana na ile treni iliyokuwa ikipeleka matajiri pwani ya kusini.

Halafu ukiwa ndani ya ukumbi huuoni huo mnara. Umeshawahi kula pale au umeona picha?

Mimi nimekula. Na jambo linalokusukuma pale ni kuta. Kuna michoro 41, mingine juu ya kichwa chako, mingine ubavuni, na karibu yote ni ya mahali ambapo treni za kampuni ile zilikuwa zinakwenda: bandari, milima yenye theluji, bahari ya buluu kabisa. Umeketi umeinamia nyama yako, na kila unapoinua macho ukuta unakuambia kuna mahali pazuri kuliko hapa, inuka uende. Hilo lilikuwa tangazo la biashara, tena la dhahabu tupu. Nilimaliza sahani bila kujua nimekula nini.

#5 Mzee wa Reli
1901 nakubali. Kula sijala, nilipita chini yake na mkate mkononi. Lakini hoja ya saa naishikilia.

#6 Dada Trei
Habari za humu. Nimehudumu miaka minne kwenye mgahawa wa aina hiyo, ndani ya stesheni kongwe, nyota na kila kitu. Naomba niwatoe gizani: tuliokuwa tunawakimbiza ni sisi, tena bila ninyi kujua na mara nyingine bila sisi kutaka.

Iko hivi. Jioni moja nusu ya ukumbi wana treni, nusu hawana. Kwenye karatasi ya oda, kona ya juu kulia, tulikuwa tunaandika saa ya treni ya mteja na kuizungushia duara. Meza isiyo na treni tunachora mstari tu. Sasa ingia jikoni saa moja na nusu, karatasi kumi na nane zimening'inia, mpishi anasoma maduara peke yake. Mistari haisomi. Anapika kwa kasi ya yule mwenye treni ya saa mbili na dakika nane, na ninyi wenye mstari mnapokea kwa kasi hiyohiyo, kwa sababu samaki wa meza ya sita na samaki wa meza ya saba wameingia kwenye kikaango kimoja.

Chakula kikishapoa, kinaharibika. Kwa hiyo kinakuja.

Na kuna kitu kingine. Mtu mwenye treni anaomba bili kabla ya kitindamlo. Ukiona majirani zako wawili wameshatoa kadi za benki, na wewe mkono unaanza kutafuta pochi. Niliona hivyo kila siku.

#7 Saa Mbovu
Dada Trei asante, hiyo ya duara imenichekesha. Lakini kwetu haikuwa hivyo. Sahani zilichelewa kidogo, tena sisi ndio tuliokuwa tunautazama mlango wa jiko kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Sahani ikitua mezani, dakika nne imekwisha. Hapo mpishi ana kosa gani?

#8 Fundi Kuta
Nafanya kazi ya kukarabati majengo ya zamani, nichangie upande wangu.

Tazameni kilichomo: jiwe, vigae, kioo, chuma. Sauti ikigonga vitu hivyo haipati pa kulala, inarudi ukumbini. Kwenye mgahawa wa kawaida unaweka zulia, mapazia mazito, paneli za kunyonya sauti darini. Kwenye jengo la urithi dari huruhusiwi kuligusa. Unaweza kubandika sponji chini ya meza na nyuma ya makochi, na kuta unaziacha zipige kelele zake.

Watu wakishindwa kusikiana wanapaza sauti, na wa jirani nao wanapaza, na inapanda hivyohivyo. Hali hiyo ina jina la daktari Mfaransa, Étienne Lombard, aliyeieleza mwanzoni mwa karne iliyopita. Na kelele zikizidi, ulimi nao unapunguza: utamu na chumvi unavihisi kwa uchache. Ndiyo sababu moja inayotajwa kwa nini watu wengi huagiza juisi ya nyanya ndani ya ndege wakati nyumbani hawaigusi, ladha yake nzito inavumilia kelele.

Kwa hiyo mleta uzi, mazungumzo hamkuyaweza, na ladha mliipata nusu. Mnabaki na kutafuna. Mtu asiyeongea anamaliza sahani haraka, hilo halihitaji profesa.

#9 Mpenda Pweza
Kuhusu sauti naomba niseme langu. Pale stesheni ya Grand Central, New York, nje ya mlango wa mgahawa wa Oyster Bar kuna makutano ya njia yenye matao ya vigae yaliyopinda. Ukisimama kona moja ukanong'ona ukutani, mtu wa kona ya mkabala anakusikia kama uko sikioni mwake, na watu wanaopita katikati hawasikii kitu.

Mimi nilikuwa sijui. Nimetoka na mchumba wangu na baba yake, tunasubiri meza. Nikamvuta mchumba pembeni kabisa, uso ukutani, nikamnong'oneza, "Mzee wako akiagiza chaza sahani ya pili mimi naenda chooni sirudi." Kumbe mzee kajitenga kona ya pili anasoma bango.

Hakusema neno. Alipoketi akaagiza chaza sahani mbili kwa mpigo. Nakuambia mimi siku hiyo sikula haraka, nilikula polepole kama mgonjwa.

#10 Ngoja Waje
Hahahaha! Ukaoa au hukuoa?

#11 Mpenda Pweza
Nilioa. Na bili nililipa.

#12 Fundi Kuta
Vigae vile ni kazi ya ukoo wa Guastavino, waliotoka Hispania. Wanavipanga tabaka juu ya tabaka, vyembamba, na saruji inayokauka haraka, kuba linasimama bila nguzo katikati. Oyster Bar imekuwepo tangu stesheni ifunguliwe 1913. Mwaka 1997 iliungua na vigae vingi vikadondoka, wakavirudisha.

Mkwe wako nimempenda.

#13 Bi Kurasa
Nimewasoma wote. Saa, michoro, jiko, mwangwi. Mimi naona mnatazama kilichopo mezani na kusahau kilichokuwepo kabla ya meza. Kula stesheni kulianza kama mashindano, na majengo haya yalizaliwa humo.

Treni za kwanza hazikuwa na behewa la chakula. Treni inasimama, abiria wanamwagika, wana dakika kumi au ishirini za kula, kisha kengele. Pale Swindon, Uingereza, wajenzi wa stesheni walijenga kumbi za maakuli kwa gharama zao, na malipo yao yakawa mkataba wa miaka 99: kila treni ya kawaida isimame pale dakika 10, na kampuni ya reli isifungue mgahawa mwingine wa kushindana. Hebu fikirini, abiria mia kadhaa, dakika kumi, supu ya moto, na mwenye duka anayejua kwamba hamtarudi kumlalamikia. Brunel mwenyewe, mhandisi wa ile reli, alimwandikia mwenye mgahawa mwaka 1842 kwamba si kweli kuwa alilalamikia kahawa yake mbaya, kwa sababu haamini kama pale pana kitu kinachoitwa kahawa. Akasema alichokunywa kilikuwa mahindi yaliyokaangwa. Kampuni ilikuja kuununua mkataba ule na kujitoa mwaka 1895, kwa pauni 100,000.

Marekani nako ilikuwa balaa mpaka alipokuja Fred Harvey, Mwingereza aliyehamia kule. Mwaka 1876 akafungua chumba cha chakula kwenye stesheni ya Topeka, Kansas. Vitambaa vyeupe, vijiko vya fedha, nyama ya uhakika, katikati ya vumbi. Alichofanya ni kupambana na muda bila kuuonyesha. Kondakta anawauliza abiria wangapi watakula, idadi inatumwa kwa telegrafu, wakifika meza zimejaa. Na wale wahudumu wake wa kike, aliowaanza 1883, walikuwa na lugha ya vikombe: anayechukua oda anaweka kikombe kimesimama kwenye kisosi, maana yake kahawa, akikifudikiza na kukiweka kando ya kisosi, maana yake maziwa. Anayemimina anapita nyuma bila kuuliza. Mgeni anadhani ni uchawi.

Kwa hiyo ufahari wa stesheni tangu mwanzo ni ufahari wa mtu anayekimbizwa kwa adabu. Kochi la ngozi na mishumaa havifuti hilo. Ukumbi unalikumbuka, na mwili wako unausikia ukumbi.

#14 Nafaka Moja
Bi Kurasa andiko tamu. Marekebisho madogo: Brunel hakusema mahindi. Neno alilotumia, kwa Mwingereza wa zama zile, lilikuwa nafaka yoyote, ngano au shayiri. Mmarekani ndiye angemaanisha mahindi. Kwa hiyo alikunywa nafaka iliyokaangwa, isiyojulikana ni ipi. Naona hiyo ni mbaya zaidi.

#15 Bi Kurasa
Nimepokea, asante. Kweli ni mbaya zaidi.

#16 Mzee wa Reli
Bi Kurasa, "ukumbi unakumbuka" ni ushairi mzuri lakini mimi sikuelewi. Mleta uzi hajawahi kukimbizwa Swindon, na babu yake pia. Tofali halina kumbukumbu.

Nitarudi kwenye saa, mtanichoka. Tena kuna jambo watu wengi hawalijui: pale Grand Central treni zinaondoka dakika moja baada ya muda ulioandikwa kwenye ubao. Ni makusudi, na ni desturi ya miaka mingi. Waliona ni heri kumwachia abiria dakika moja ya siri kuliko kumwacha ateleze kwenye marumaru akikimbia. Sasa niambieni, kama hakuna haraka inayotoka kwenye saa, hiyo dakika walimpa ya nini?

#17 Mkoba Mzito
Mzee #16 ningekujua kwa sura ningekudai tiketi. Niliisoma hiyo habari ya dakika moja mahali fulani, nikadhani ni ya stesheni zote duniani. Nikiwa Paris nikatulia na kitindamlo, chokoleti imefunikwa na karatasi ya dhahabu ya kuliwa, nikasema dakika moja ninayo. Kule treni za mwendo kasi zinafunga milango dakika mbili KABLA ya muda ulioandikwa. Nilifika nikakuta mlango umefungwa na treni bado imesimama, tunatazamana na abiria wa dirishani. Alikuwa anakula biskuti.

Chokoleti ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

#18 Mzee wa Reli
Pole sana. Sikusema stesheni zote. Reli ni kama dini, kila moja na madhehebu yake.

#19 Mchora Ramani
Jamani mbona jambo hili linapimika? Tafuteni stesheni ambayo treni zimekufa lakini mgahawa uko hai. Mkila pole, basi sababu ni treni. Mkila haraka, basi sababu ni jengo.

Na ipo: Orsay, Paris. Stesheni ya 1900, ilipofika 1939 treni za masafa zikaacha kufika kwa sababu majukwaa yalikuwa mafupi na treni zimerefuka. Tangu 1986 ni makumbusho ya sanaa. Ukumbi wa chakula wa ile hoteli ya stesheni bado unatumika, dari la michoro, taa za vioo, viti vya rangi rangi vya kisasa. Nilikula pale mchana mmoja. Nilikaa saa mbili kamili, sina hata wazo la kuinuka. Nimemaliza, kesi ifungwe.

#20 Dada Trei
Usifunge kesi mkuu. Ulifika pale umeshatembea makumbusho kwa muda wa saa ngapi?

#21 Mchora Ramani
Saa tatu na nusu.

#22 Dada Trei
Ehee. Miguu ndiyo iliyokuwa inakula. Hata ungewekwa kwenye benchi la mbao usingeinuka.

#23 Kijiko cha Fedha
Halafu pale juu, ghorofa ya tano, kuna mgahawa mwingine uko nyuma kabisa ya saa kubwa ya stesheni. Unaiona saa kwa mgongo, mishale inatembea kinyume. Nilikaa pale. Mzee wa Reli utapenda kusikia: watu wote walikuwa wanaipiga picha na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

#24 Mzee wa Reli
Unaniua taratibu.

#25 Mla Kisasa
Wakuu mnaongelea makaburi. Mleta uzi kasema mgahawa wa KISASA. Le Train Bleu ni wa kale, Oyster Bar wa kale. Tuzungumzie Agern, aliyoianzisha Claus Meyer wa Denmark, yule mwanzilishi mwenza wa Noma, mgahawa maarufu wa Copenhagen, ndani ya Grand Central mwaka 2016, ubavuni mwa uliokuwa ukumbi wa kusubiria. Chakula cha Kinordiki, mpishi Mwaisilandi, nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora. Ukiingia pale kelele ya stesheni inakatika kama umefunga bomba. Mbao laini, meza zina nafasi, mwanga wa chini. Nilikaa karibu saa tatu. Kwa hiyo nadharia ya jengo imeshakufa, Fundi Kuta nisamehe.

Ilifungwa 2020. Inauma mpaka leo.

#26 Fundi Kuta
Hujaniua, umenisaidia. Unasema kelele ilikatika, na ulikaa saa tatu. Ndicho nilichosema!

#27 Mla Kisasa
Dah. Kweli.

#28 Shoka Butu
Mmeona lakini? Migahawa hii inafungwa sana. Agern imekwenda. The Gilbert Scott ya mpishi Marcus Wareing pale stesheni ya St Pancras, London, ilifunguliwa 2011, ikafungwa 2021. Mimi nasema wanafunga kwa sababu wateja wanakula haraka na kuondoka, hawaagizi chupa ya pili ya mvinyo. Mapato yako kwenye chupa ya pili. Kwa hiyo swali la mleta uzi ndilo linaloua biashara yenyewe.

#29 Dada Trei
Kuhusu chupa ya pili uko sahihi, nimeona meneja akiililia. Lakini 2020 na 2021 kulikuwa na korona mkuu, stesheni zilikuwa tupu, hata wauza magazeti walifunga. Usiwabebeshe wateja kila kitu. Na ukumbi ule wa St Pancras ulikuja kufunguliwa tena na watu wengine.

#30 Bi Kurasa
Kwa kuwa mmeitaja St Pancras: hoteli ile ya George Gilbert Scott ilifunguliwa 1873, ikafungwa 1935 kwa sababu ilikuwa ghali kuiendesha, ikageuzwa ofisi za reli, na nusura ibomolewe miaka ya sitini. Ilirudi kuwa hoteli 2011. Ukiangalia hivyo, mgahawa uliodumu miaka kumi humo umejitahidi.

Na chini ya majukwaa kuna nguzo za chuma ambazo mhandisi William Barlow alizipanga kwa kipimo cha mapipa ya bia kutoka mji wa Burton, yaingie bila kupoteza nafasi. Stesheni nzima imepimwa kwa bia! Leo abiria wa kwenda Paris wanapita katikati ya nguzo hizohizo na masanduku yao.

#31 Shoka Butu
Basi waliojenga walikuwa na akili kuliko wanaopika. Halafu nikiwa hapo hapo: stesheni nzuri kuliko zote ni ya Maputo, ilijengwa na Eiffel, yule wa mnara wa Paris, na kuna baa na mgahawa ndani unakula ukiangalia majukwaa.

#32 Kijiko cha Fedha
Uzuri nakubali, mgahawa upo. Eiffel hapana. Hiyo inarudiwa kwenye kila kitabu cha watalii kwa sababu ya lile kuba. Wachoraji walikuwa wengine, wahandisi wa Kireno.

#33 Shoka Butu
Kijiko wewe huwezi kuacha mtu afurahi?

#34 Fundi Kuta
Nirudi kwenye mada kabla mods hawajaja. Kuna jambo la jiko sikulisema. Kwenye majengo haya kutoboa bomba la moshi mpaka juu ya paa ni kibali cha miaka, na mara nyingi unanyimwa. Kwa hiyo majiko mengi yanawekwa ya umeme, nafasi finyu, hakuna moto wa wazi. Chakula kinapangwa kwa vipande vidogo vinavyomaliziwa dakika za mwisho. Sahani ndogo, awamu nyingi. Kitu cha matonge matatu utakikalia dakika ngapi?

#35 Saa Mbovu
Hii imenigusa. Awamu ya nne ilikuwa kipande cha karoti. Kimoja. Kilichomwa, kikapakwa kitu, kikawekwa kwenye jiwe. Niliuliza kama jiwe linaliwa.

#36 Ngoja Waje
Linaliwa?

#37 Saa Mbovu
Halikuliwa.

#38 Mkeo Huyu Hapa
Habari zenu. Mimi ndiye mke wa #1. Nimeonyeshwa uzi huu na dada yangu, nimefungua akaunti kwa ajili ya posti hii moja.

Mkoba uko mapajani kwa sababu meza ilikuwa ndogo kama sinia, kiti hakina mgongo wa kutundikia, na sakafu ina upepo. Upepo wa kweli, unatoka upande wa majukwaa kila mlango wa vioo unapofunguka, unapita chini ya kitambaa cha meza na kupanda miguuni. Nilikuwa na viatu vya wazi. Nilikula haraka kwa sababu nilikuwa nahisi baridi, sikutaka kuharibu siku yake kwa kulalamika.

Na koti hakuvua kwa sababu shati lilikuwa limekatika kifungo cha tumboni kule hotelini. Hilo hajawaambia.

#39 Ngoja Waje
Shemeji karibu sana jukwaani!!! Nimehama paleee, nimekuja mbele kabisa.

#40 Fundi Kuta
Shemeji, umesema kitu. Banda la treni ni tundu kubwa lililo wazi upande mmoja, na treni ikiingia inasukuma hewa mbele yake. Ukumbi ulio pembeni unapumua pamoja nalo. Wanaweka milango miwili mfululizo kuzuia, lakini wateja wakiingia kwa kundi yote miwili inakuwa wazi kwa pamoja. Mimi mwenyewe sikuliwazia hilo.

#41 Mzee wa Reli
Upepo unaelezea kwa nini mke alikula haraka. Mume je? Kifungo hakina baridi.

#42 Saa Mbovu
Nilikuwa namfuata yeye. Yeye akimaliza na mimi namaliza, sikutaka kuonekana mlafi.

#43 Mkeo Huyu Hapa
Na mimi nilikuwa nakufuata wewe! Nilidhani una haraka, umekaa kwenye ncha ya kiti.

#44 Mpenda Pweza
Hahaha, kumi ya ndoa.

#45 Bi Kurasa
Bado hamjajibu mhudumu alivyosema, kwamba wengi wanamjibu hivyo. Wengi wasio na treni. Wote hao wamekatika vifungo?

#46 Kijiko cha Fedha
Kulikuwa na michoro ukutani?

#47 Saa Mbovu
Kulikuwa na ramani ya zamani ya njia za reli, kubwa, nyuma ya kichwa cha mke wangu. Na saa ipo, Mzee wa Reli tulia, ila ilikuwa haitembei. Imesimama saa nne na dakika kumi na mbili.

Tumeamua tutarudi mwakani. Safari hii tunakata tiketi ya treni ya kweli, ya usiku, tuone tutakula vipi.

#48 Dada Trei
Mkifika mwambieni mhudumu treni yenu ni ya saa tano usiku, aizungushie duara. Halafu shemeji uombe meza ya ukutani, mbali na ule mlango. Na wewe ukashone hicho kifungo.